Kuuliza na Kuridhia: Uhakiki wa Lugha ya Debconf na Cryptsetup

Zana za mstari wa amri, yaani programu zinazoendeshwa kwa kuandika maneno badala ya kubofya picha, huhakikiwa na mafundi peke yao. Hata hivyo, zana hizo ni matini: huuliza, huonya na kudai jibu. Makala haya yanachunguza mbili zitumikazo katika mfumo wa Debian: debconf, inayouliza maswali wakati wa kusanidi vifurushi vya programu, na cryptsetup, inayoandaa usimbaji wa diski. Hoja kuu ni kwamba ridhaa ya mtumiaji haina thamani iwapo hakuelewa alichoulizwa.

Debconf, iliyoanzishwa na Joey Hess mwaka 1999, ina sifa mbili. Kwanza, hupanga maswali katika madaraja manne ya uzito, kuanzia yale madogo hadi yale yasiyoepukika. Pili, hutenganisha maneno na utendaji. Mfasiri huweza kufasiri swali pamoja na majibu yake. Mtumiaji huchagua "Ndiyo" au "Hapana", nayo programu huhifadhi ndani yake thamani ileile kwa lugha zote. Lugha ya mtumiaji huheshimiwa bila mashine kutatizika. Kasoro yake imo katika kimya. Kwa kawaida maswali ya madaraja mawili ya chini hayaonyeshwi, na jibu la mtayarishaji wa kifurushi hushika nafasi ya jibu la mtumiaji. Asiyejua amri ya dpkg-reconfigure, ambayo huyaleta maswali hayo baadaye, huhesabiwa kuwa amejibu asichoulizwa.

Cryptsetup ina mwenendo wa kinyume. Amri yake ya luksFormat, inayofuata kiwango cha LUKS kilichobuniwa na Clemens Fruhwirth, huonya kwamba data zilizomo zitafutwa zisirudi tena, kisha humtaka mtumiaji aandike neno YES kwa herufi kubwa. Sharti hilo lina utetezi wenye nguvu, kwani huuzuia mkono uliozoea kubonyeza bila kusoma. Lakini wafasiri wa programu hiyo wameagizwa waliache neno hilo kama lilivyo. Hivyo onyo laweza kusomwa kwa Kifaransa, ilhali ridhaa hupokewa kwa Kiingereza tu. Mtumiaji wa Lubumbashi au Bukavu akiandika NDIYO au OUI, kazi husitishwa. Ugumu unaofaa ni ule unaolazimisha kufikiri, si ule unaolazimisha kunakili. Herufi kubwa zingetosha katika lugha yoyote.

Upungufu mzito zaidi umo katika yasiyosemwa. Neno la siri halisimbi data lenyewe; hufungua ufunguo mkuu uliohifadhiwa mwanzoni mwa diski. Sehemu hiyo ikiharibika bila nakala, data hazipatikani tena, hata kwa mwenye neno la siri. Amri ya kutoa nakala, luksHeaderBackup, ipo, lakini onyo haliitaji. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kibodi nayo ina hatari yake. Nchini Kongo kibodi ya mpangilio wa Kifaransa ni ya kawaida. Mpangilio huo usipowekwa katika hatua ya kuwasha, kompyuta huweza kuisoma kibodi kama ya Kimarekani: A na Q hubadilishana nafasi, Z na W vivyo hivyo, nayo M huhama. A, M, W na Z ni herufi zinazojaa katika viambishi vya Kiswahili. Basi neno la siri la Kiswahili, ingawa limeandikwa sawasawa, huenda likakataliwa.

Kwa jumla, debconf inajua kuuliza lakini huridhika upesi na kimya. Cryptsetup haikubali kimya, lakini hudai neno badala ya maarifa. Ya kwanza ijifunze kutaja ilichoamua kwa niaba ya mtumiaji. Ya pili ijifunze kupokea ridhaa katika lugha ya onyo lenyewe, na kueleza kinachoweza kupotea baada ya diski kusimbwa. Kazi hiyo yahitaji fundi na mwanaisimu pamoja.