Sifa za Ramani Iliyolowa Jasho

Jumapili alfajiri Dar es Salaam ni ya wakimbiaji. Vikundi vya jogging vya Temeke, Mbagala na Kigamboni hutoka na fulana za rangi moja, filimbi mbele, nyimbo nyuma, magari yakisubiri wapite. Sina neno na mbio hizo. Zimewatoa watu wengi kitandani na kuwapa wenzao wa kushikana nao katika misiba na harusi. Ila mkimbiaji wa jogging hana haja ya kujua alipo. Kiongozi anajua. Mbio ninazozisifu hapa zinaanza pale kiongozi anapoondolewa. Unapewa ramani, dira na vituo vilivyozungushiwa duara la zambarau, uvifikie vyote kwa mpangilio wake, kwa njia utakayoichagua mwenyewe, kwa muda mfupi uwezavyo. Duniani zinaitwa orientiringi. Sisi wachache tunaozikimbia upande huu wa kivuko, Kigamboni, tunasema mbio za ramani, na tunaelewana.

Zilizaliwa mbali, kwenye baridi. Mashindano ya kwanza ya wazi yalifanyika Norwei tarehe 31 Oktoba 1897. Mwaka 1919 Ernst Killander, mwanajeshi wa Uswidi aliyekuwa pia kiongozi wa skauti, aliandaa mbio kubwa nje kidogo ya Stockholm, kwa kuwa aliona vijana wameanza kuchoshwa na riadha ya uwanjani. Shirikisho la kimataifa likaundwa mwaka 1961. Kwa miaka mingi ulibaki mchezo wa misitu ya misonobari, mpaka mwaka 2001, mashindano ya dunia ya Tampere, Finland, yalipoingiza mbio fupi za kasi. Siku hizi mbio hizo fupi hukimbiwa sana mitaani, na imekubalika kwamba vichochoro navyo vinaweza kumtoa bingwa jasho.

Nami nasema bila kuona haya kwamba Kigamboni inamfaa mwanafunzi wa ufundi huu kuliko misitu hiyo, na sababu ni kwamba Kigamboni haitulii. Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe Aprili 2016, Kibada, Kisota na Mjimwema zimejengwa kwa kasi ambayo mchora ramani haiwezi. Njia ya mkato iliyokuwa ikipita kwenye mikorosho ina ukuta wa tofali na geti jeusi. Shamba la mihogo limekuwa msingi wa nyumba, na msingi huo umeota majani kwa sababu mwenyewe amekwama kwenye bei ya nondo. Mkimbiaji wa Uswidi anapewa karatasi iliyokaguliwa jiwe kwa jiwe, na kazi yake ni kuifuata. Wa Kigamboni anapewa karatasi yenye ukweli wa jana. Afanye nini? Lazima ajue lini aiamini ramani na lini ayaamini macho, na aamue akiwa anakimbia, pumzi imepanda. Uamuzi huo ndio ufundi wenyewe. Miguu ni nyongeza.

Ramani zetu tunazichota OpenStreetMap, ramani huru ambayo yeyote anaweza kuongezea alichokiona. Dar es Salaam ina historia nzuri katika jambo hili. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kuchora mitaro, vichochoro na majengo ya kata zinazopata mafuriko, na watu wengi wa kawaida walijifunza kwamba ramani haishuki kutoka wizarani. Sisi tunaongeza vyetu: ukuta mpya, daraja la mbao juu ya mtaro, uzio wa michongoma usiopitika. Kisha tunachapisha steshenari kwa skeli ya 1:5,000, sentimita moja ikibeba mita hamsini, na kuivisha nailoni. Bila nailoni, jasho la Februari linaifuta kabla hujafika kituo cha tatu.

Dira nayo ina maneno yake. Ukiagiziwa na ndugu aliye Ulaya, mwambie aulize imetengenezwa kwa ajili ya wapi. Kule kaskazini sumaku ya dunia huivuta chini ncha ya kaskazini ya sindano, kwa hiyo fundi huweka uzito kidogo upande wa kusini ili ikae sawa. Ukiileta huku, kusini mwa ikweta, ncha ya kusini ndiyo inayovutwa chini, na ule uzito wa fundi unaongezea. Sindano inainama, inakwaruza kioo, inagoma kuzunguka. Unajikuta umeinamisha kiganja kama mtu anayemwaga maji, ili tu izunguke. Zipo zilizosawazishwa kwa pande zetu, na zipo zinazofanya kazi popote. Hizo za pili bei yake inauma.

Wiki yangu haina fahari yoyote. Jumatatu sikimbii, ila kwenye pantoni ya jioni, tukiwa tumebanana na bajaji, baiskeli na matenga ya samaki, natoa ramani ya Jumanne na kuipitia kituo kwa kituo. Kutoka cha kwanza kwenda cha pili, je, nizunguke kwa barabara ya lami au nikate katikati ya nyumba? Barabara ni ndefu lakini haina maswali. Vichochoro ni vifupi na vina maswali matano. Ukiwa umekaa, jibu ni rahisi. Mazoezi yote ya wiki ni kujaribu kulifikia jibu hilohilo moyo ukiwa unadunda masikioni.

Jumanne tunaingia Tungi, pale nyumba zilipobanana. Hapa ndipo mkono unapofundishwa. Ramani inakunjwa mpaka ienee kiganjani, na kidole gumba kinakaa palepale ulipo. Ukisogea nacho kinasogea. Ukigeuka kulia unaigeuza karatasi, ili kilicho mbele yako kiwe mbele pia kwenye ramani. Mgeni wa mchezo huishika ramani wima kama gazeti, maandishi yakimtazama, na kwenye kona ya tatu tayari ameshachanganyikiwa mkono wa kulia na wa kushoto. Macho yanashuka kwenye karatasi kwa nukta moja tu, yanachukua mambo mawili, yanapanda. Msikiti upande wa kushoto, halafu uchochoro wa pili. Basi. Ukichukua mambo manne utasahau matatu, maana njiani kuna bata, kuna kamba ya nguo, kuna mama anayemwaga maji ya kufulia, naye ana haki ya kusalimiwa.

Kuuliza njia hakuruhusiwi. Ni sheria tuliyojiwekea, na ndiyo inayowachekesha watu wa kijiweni. "Anko, sema unapotafuta, nakupeleka buku tu," ananiambia kijana wa bodaboda, na ananihurumia kwa dhati.

Vituo vyetu havina bendera. Mashindanoni hutundikwa kitambaa cha rangi ya chungwa na nyeupe chenye pande za sentimita thelathini. Kitundike Kigamboni usiku, asubuhi kimeshapata kazi nyingine. Kwa hiyo tunatumia vilivyopo. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, iliyokwenda sambamba na maandalizi ya sensa ya Agosti, ilituachia vibao vya majina ya mitaa na namba za nyumba, na mkimbiaji anathibitisha kufika kwake kwa kunakili namba. Lakini kituo ninachokipenda kuliko vyote ni bikoni. Kijiwe cha zege kimejificha kwenye nyasi, hakifiki magotini, juu yake kimechomoza kichwa cha nondo chenye kutu, na ubavuni kimekwanguliwa herufi na tarakimu zege likiwa bado bichi. Huwezi kukiona kwa mbali. Lazima ujue pembe ya dira, uhesabu hatua. Kwenye lami hatua za mguu mmoja arobaini hivi zinamaliza mita mia, kwenye mchanga laini zinapita hamsini. Uinamishe kichwa pale hesabu inapokwisha. Nyasi zikifunguka na zege likaonekana, huhitaji mtu wa kukupigia makofi.

Bikoni hizo ndizo zilizotukutanisha na mzee mmoja wa Kisota, aliyekuwa amekaa chini ya mwembe wake akitutazama tunavyoinama na kuandika.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mmekuja kupima tena?"

"Hapana babu, tunafanya mazoezi tu."

"Mazoezi na ramani?" Alituangalia viatu, akaangalia karatasi. "Haya. Mkimaliza mazoezi mniambie barabara inapita wapi."

Ana haki ya kusema hivyo. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni, na wakazi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri fidia na michoro. Wakasubiri miaka. Mpango haukuja kama ulivyochorwa, lakini watu walikwisha jifunza kwamba ramani ni karatasi inayofika mikononi mwa wageni na kuondoka na kiwanja chako. Ongeza madalali wanaouza eneo moja mara mbili, na utaelewa kwa nini mtu mwenye karatasi mkononi hutazamwa kwa jicho la pembeni. Tangu tukutane na mzee huyo tunavaa fulana za mbio hata tukiwa tunatembea tu kukagua vituo, na tunasimama kueleza kabla hatujaulizwa. Muda unapotea. Na upotee. Mbio zinazopita mbele ya nyumba za watu bila salamu hazistahili kusifiwa na mtu wa Pwani. Kuhusu maeneo ya jeshi la majini, hatuchori chochote huko wala hatusogei na karatasi. Kwenye ramani zetu ni sehemu tupu, na iendelee kuwa tupu.

Katikati ya wiki kuna mbio za kasi ambazo sitaki kuzisema sana, maana kila mkimbiaji anazijua na hakuna anayezipenda. Tofauti yetu ni moja: dakika moja unakimbia kwa nguvu zote, kisha bila kusimama unatakiwa useme kwa sauti njia ya kituo kinachofuata. Siku za mwanzo kinachotoka kinywani si maneno.

Jumamosi ni ya pwani, na hapo kalenda inasomwa pamoja na mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu na alfajiri na kupwa kama saa nne asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Ramani ina mstari mmoja wa pwani. Ufuko wenyewe unahamahama mchana na usiku. Tuseme kituo kiko Gezaulole, kijiji kilichojulikana sana enzi za ujamaa, jirani na makaburi ya kale ya Mbwamaji, nawe unaanzia Mjimwema. Maji yakiwa yamekupwa, mchanga wa chini ni mgumu na umenyooka, hakuna njia bora zaidi. Yakiwa yanajaa, unabanwa kati ya mawimbi na kuta za hoteli, miguu inazama, na yule aliyechagua barabara ya ndani anakuwa ameshafika na kukauka jasho. Mvuvi yeyote wa hapo angekuambia bila kutazama karatasi. Manahodha wa mwambao huu waliendesha majahazi kwa dira, nyota na pepo karne nyingi kabla Killander hajazaliwa. Sisi tunayarudia mambo madogo kati ya makubwa waliyoyajua.

Pepo zinasaidia hata nchi kavu. Katikati ya mwaka, ukielekea Gezaulole, upepo wa kusi unakupiga usoni na ukirudi unakusukuma, hivyo hata ndani ya minazi shavu linajua linakoelekea. Jua linahitaji tahadhari zaidi. Hapa tuko takriban nyuzi saba kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita liko kaskazini, na miezi iliyobaki liko kusini. Siku zile linapopita utosini halikwambii lolote. Kwa mbali yanaonekana maghorofa ya Dege, yaliyokaa miaka mingi bila kumalizwa. Kama mradi wa nyumba sitayasemea. Kama alama ya kujua ulipo, ni mazuri sana.

Pungufu la Kigamboni nalikubali: ardhi yake ni tambarare mno. Kontua, ile mistari ya kahawia ambayo mabingwa huisoma kama sisi tunavyosoma vibao vya daladala, hapa haina la kusema. Anayetaka kuisoma avuke aende vilima vya Pugu.

Na hapa nina ombi kwa walimu wa jiografia. Wanafunzi wa sekondari nchini hufundishwa kusoma ramani za 1:50,000. Hupima umbali kwa uzi, hutaja pembe, hueleza mto unatiririkia wapi, na wengi humaliza kidato cha nne hawajawahi kusimama juu ya kitu kilichochorwa kwenye karatasi wanayoisoma. Mwalimu, mchezo huu hauhitaji uwanja wala mipira. Chapisha ramani ya eneo la shule, chagua vituo sita vilivyo ndani ya uzio, andika herufi moja kwenye kila kimoja, watume wanafunzi wawiliwawili kwa kupishana dakika mbili. Dira ni ya baadaye. Tukiwa na nafasi Jumamosi, sisi wa Kibada tutakuja kukusaidia kuchora.