Kabla ya Kuagiza Kioo cha Pili

Mtu aliyebadilisha kioo cha simu mwenyewe, kisha simu ikabaki giza au ikakataa kuguswa, hutoa hukumu palepale: spea ni feki. Kwa mkaazi wa mtaa wa Mkomani, Lamu, hukumu hiyo ina gharama yake, kwani kioo kingine kikiagizwa Mombasa sharti kisafiri hadi Mokowe, kivuke kwa boti, ndipo kifike kwenye vichochoro vya mji wa Lamu. Hoja yangu ni kwamba kioo kishukiwe mwisho. Kabla ya kazi kilichokuwa kibovu ni kioo peke yake. Baada ya kazi, mkono umepita kwenye betri, mikanda, soketi, skrubu na gundi, na kila mahali ulipopita panaweza kuzaa dalili ileile.

Tuanze na giza, maana ndilo linalodanganya zaidi. Simu inalia na inatetemeka, ila huoni kitu. Ingia chumbani pasipo mwanga mwingi, umulike kioo kwa tochi ukiiinamisha upande. Ukiona picha hafifu, basi kioo kinapokea picha vizuri. Iliyokufa ni taa ya nyuma. Taa hiyo ni vibalbu vidogo vilivyofuatana katika mstari mmoja, navyo havitoshwi na volti 4 hivi za betri, kwa hiyo bodi huupandisha umeme mara kadhaa kabla ya kuupeleka. Aliyechomeka mkanda wa kioo bila kuchomoa betri kwanza anaweza kuugusisha umeme huo na chuma cha jirani, na kijisehemu kidogo cha bodi kikaungua. Hapo hata kioo cha tatu kitakuwa giza. (Kipimo hiki ni cha vioo vya LCD tu, vya OLED hujitolea mwanga vyenyewe, havina taa ya nyuma.)

Mguso una hesabu nyingine. Chomoa betri, chomoa mkanda, safisha soketi kwa spiriti kali na brashi laini, urudishe mpaka usikie mlio mdogo wa kukaa sawa. Kisha ujaribu simu ikiwa wazi, kabla ya gundi. Samsung nyingi hufungua ukurasa wa majaribio ukipiga *#0*#, na kidole kinaweza kupitishwa kwenye kioo kizima kutafuta sehemu iliyokufa. Mguso ukiwa mzima simu ikiwa wazi, ukaharibika ikifungwa, kosa ni la mbano: gundi ya zamani haikukwanguliwa, kipande cha kioo kimebaki kwenye fremu, au betri imevimba. Skrubu nazo zina urefu tofauti, na ndefu ikitiwa tundu la fupi huweza kukwaruza bodi. Ikiwa kioo huzimika kila unapopiga simu na hakirudi, tazama juu karibu na spika: huenda nailoni ya kukinga imeachwa, au kijipira cha kihisi cha ukaribu kimebaki kwenye kioo cha zamani.

Atakayepinga atasema vioo hafifu vipo. Vipo kweli. Mwaka 2018 iPhone 8 zilizotiwa vioo visivyo vya Apple zilipoteza mguso baada ya kupokea iOS 11.3, na Apple ikarekebisha kwa 11.3.1 mwezi Aprili mwaka huohuo. Lakini vioo vile vilikuwa vikifanya kazi mpaka siku ya sasisho, na marekebisho yalipokuja vilifanya kazi tena bila kubadilishwa. Kwa hiyo ulizo la kwanza liwe hitilafu ilianza lini: simu ilipofungwa, ilipoanguka, au iliposasishwa?

Mwingine atasema simu ipelekwe kwa fundi, yaishe. Kwa kijisehemu kilichoungua ni sawa kabisa, kwani kazi hiyo inataka kuchomelea chini ya darubini. Ila fundi aliyeambiwa kwamba picha inaonekana kwa tochi huanzia kwenye bodi, na mwenye simu halipii kioo asichokihitaji.

Hitilafu inayozuka wiki kadhaa baadaye ni ya kutazamwa kwa jicho jingine hapa pwani. Gundi ya kiwandani ikishakatwa, kinga ya maji imeondoka, na hewa ya chumvi ina njia ya kuingia. Fungua tena utazame soketi: ukikuta ukungu wa kijani kwenye meno yake, safisha hapo kwanza, na ubadilishe gundi ya pembeni kabla ya kufunga.