Shevo 200 bila shahidi

Leo sileti mambo ya mahindi, hata kama mtayakuta ndani kidogo. Ninataka kuhukumu aina moja ya video ambayo wengi wetu tunatumiana usiku kwenye simu: kijana wa Ulaya ao Marekani anachukua Mazda MX-5, anaifunga kompresa ao turbo, anaipandisha juu ya rola za daino, moteri inalia, na mwishoni namba inatokea kwenye ekrani. Shevo 200! Watu wanapiga mikono. Na sisi tunapiga.

Nianze na uzuri wake, juu upo. MX-5 ya kwanza ilitoka 1989 na moteri ya lita 1.6, shevo karibu 115, na uzito wake haufike tani moja. Motokari nyepesi namna ile haiombe mengi. Ukiiongezea shevo 60, unazisikia mgongoni. Na kazi yenyewe ni ya akili. Turbo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye moteri, kompresa inazungushwa na mkanda, na zote mbili zinasukuma ndani hewa nyingi kuliko ile moteri ingevuta yenyewe. Hewa ikizidi, esanse nayo inapaswa kuzidi, na cheche ya buji inapaswa kuchelewa kidogo. Daino njo mahali pa kupanga hayo yote: rola zinapima nguvu kuanzia mwendo wa chini mpaka wa juu, fundi anasoma mstari, anabadilisha kitu kimoja, anarudia. Video inayoonyesha kule kurudia, mtu anatoka jasho saa tatu kwa ajili ya shevo nane, mimi ninaiangalia mpaka mwisho.

Shida ni kwamba ziko chache. Nyingi zinakata kila kitu na kutubakizia ile namba ya mwisho tu. Hapo elimu yangu ya kilimo inakataa. Mtu akiniambia "niliweka urea, nikavuna tani nne", swali la kwanza ni: na pale pembeni, mahali hukuweka, ulivuna ngapi? Ile parseli ya pembeni tunaiita shahidi. Bila shahidi, tani nne ni hadithi. Pengine ni mvua tu. Kwenye daino, shahidi ni kupima motokari ileile, kwenye mashine ileile, siku ileile, mbele ya kugusa kitu. Juu daino mbili zinaweza kupima motokari moja na kutoa namba mbili. Moja inakuambia nguvu iliyofika kwenye magurudumu, ingine inaongezea ile inayokisiwa kupotea njiani na kukuambia nguvu ya moteri. Ukiwa na shahidi, hayo hayakusumbui sana, unaangalia tofauti. Ukiwa hauna, 200 ni ya nini?

Kisha kuna jambo linalotugusa sisi wenyewe. Kolwezi iko zaidi ya metre 1,400 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyembamba, presha yake iko karibu asilimia 15 chini ya ile ya pwani, na moteri isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kiasi kile. Ile MX-5 ya shevo 115, ukiileta huku, haifike 100. Programu ya daino inaweza kusahihisha hayo: inazidisha matokeo ili yafanane na hewa ya chini. Kwa moteri ya kawaida ni haki. Kwa moteri ya turbo, mara nyingi ni zawadi, juu turbo inaweza kuzunguka mbio zaidi na kurudisha yenyewe sehemu ya hewa iliyokosekana, halafu programu inailipa mara ya pili. Kwa hiyo namba za Johannesburg, mji ulio kwenye metre 1,700 hivi, usizinunue mbele ya kuuliza kama zimezidishwa. Kompresa ya mkanda ni mambo mengine. Yenyewe inakandamiza hewa inayoikuta kwa kipimo kilekile. Ikikuta hewa nyembamba, itatoa kidogo vilevile. Kijana wa video hasemi haya, na simlaumu, yeye haishi huku. Sisi njo tunaoishi huku.

Turbo na mlima ni marafiki wa zamani, lakini. Mwaka 1918 injinia wa General Electric, Sanford Moss, alipandisha moteri ya ndege, Liberty, juu ya Pikes Peak kule Marekani, zaidi ya metre 4,000, ili aonyeshe kwamba turbo inarudishia moteri nguvu ambayo mlima umeinyima. Na angalia Safari Rally ya Kenya. Mwaka 1983 Audi ilileta Quattro zenye turbo. Ari Vatanen akashinda na Opel Ascona 400, moteri isiyo na turbo, na Quattro mbili zikamfuata nyuma. Mwaka uliofuata Toyota Celica yenye turbo ikashinda, ikarudia 1985 na 1986. Mimi ninasoma hivi: turbo haikuwa uongo, ila peke yake haikutosha. Kwa wale waliosoma nami, ni Liebig yuleyule wa mwaka wa kwanza. Mavuno yanapimwa na kile kinachokosekana zaidi. Weka urea kama unavyotaka kwenye udongo wetu huu wenye asidi. Kama chokaa haimo, umelisha franga zako kwa mvua.

Ninajua haya juu niliyaona nyumbani. Mdogo wangu ana Toyota ndogo ya usukani wa kuume. Baada ya kontra yake ya miezi sita alipeleka akiba yote kwenye garaji moja ya Kolwezi, wakamfungia turbo ya okazio. Daino haikuwapo. Hata sonda ya kupima hewa na esanse haikuwapo. Moteri ya esanse ikitembea pole inataka kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya esanse. Chini ya presha ya turbo, mafundi wanaishusha kwenye 12 hivi, ili esanse ya ziada ipoze moto ndani. Injekteri zake zilibaki zile za zamani. Esanse ilikuwa ya bidon, ya ba-Kadhafi. Fundi aliinamisha kichwa, akasikiliza, akasema, "Iko muzuri."

Na ilikuwa muzuri, sitadanganya. Juma mbili tulikuwa tunapita malori ya madini kwenye barabara ya Fungurume kama yamesimama. Halafu sauti ikaanza, ndogo, kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo, kila akikanyaga. Tulisoma ile sauti ni nini, iko hata kwenye video zilezile: esanse inalipuka mbele ya saa yake. Niliisikia, nikanyamaza, juu mimi pia nilikuwa ninapenda mbio. Siku ya nne pistoni ikatoboka, moshi ukajaa barabara, tukavutwa na Land Cruiser isiyo na turbo mpaka nyumbani.

Toyota ingali kwenye kiwanja cha mama, imefunikwa bashi, vumbi jekundu limelala juu yake. Mdogo wangu anakusanya tena franga. Juzi akaniuliza, "Yaya, kama nikipata moteri ingine, utanisaidia kwa turbo?" Nikamwambia anunue sonda kwanza, tupande wote mpaka mahali daino iko, tupime moteri ikiwa tupu, bila turbo. Akacheka: "Dola zote zile kwa kupima motokari ambayo haina kitu?"

Ndiyo, kwa hiyo.