Nasaba za Chiwanda na Daftari za Wageni

Mtu atakaye kumjua babu yake aliyehamia New York huanza na orodha za abiria wa merikebu, kwa kuwa dola ya Marekani, tangu sheria ya mwaka 1819, iliwalazimisha manahodha kukabidhi forodhani majina ya wote waliowaleta. Lakini mtu wa Chiwanda, kwenye ufuo wa Tanzania, ambaye mzee wake alivuka Ziwa Nyasa kwa mtumbwi bila kuagana na karani yeyote, akiitafuta orodha kama hiyo atapoteza umri wake bure. Katika ufuo huu mgeni aliandikwa na yule aliyekuwa wa kwanza kumdai kitu, ama kodi, ama imani, ama nguvu za mikono yake, wala si na mwenyeji aliyempokea; na atafutaye nasaba hana budi kujiuliza kwanza ni nani kati ya hao watatu aliyemfikia mzee wake mapema.

Kabla ya kufungua daftari yoyote, na ayapange majina ya mahali. Mdachi, yaani Mjerumani, aliiandika Liuli kwa jina la Sphinxhafen, na Manda akaiita Wiedhafen, na sauti yetu ya “ch” akaiandika kwa herufi nne, “tsch”. Tena mambo ya Chiwanda, ambayo leo ni ya Wilaya ya Nyasa na jana yalikuwa ya Mbinga, zama za ukoloni yaliwekwa chini ya Songea. Asiyelijua hilo ataketi katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, akipekua majalada yasiyomhusu. Ng'ambo ya mpaka wa Msumbiji, hadi mwaka 1929, ilitawala Kampuni ya Niassa ya Wareno, ambayo kwa ushuru wake na kazi zake za shokoa iliwakimbiza watu wengi. Na visiwa vya Likoma, vilivyo karibu na ufuo wa Mreno, vilikuwa chini ya Mwingereza. Ukoo mmoja, basi, uliweza kuwa raia wa dola tatu bila kuacha kuvua samaki katika maji yale yale.

Hazina kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni sijili za ubatizo. Misheni ya Kianglikana iliyojulikana kama UMCA ilijenga makao Likoma mwaka 1885, na meli zake, Charles Janson na baadaye Chauncy Maples, zikazunguka vijiji vya ufuoni. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, nao wakafika Peramiho mwaka 1898. Aghalabu padre aliandika jina la mbatizwa, wazazi wake, msimamizi wake na kijiji chake. Hapa pana mtego: mtu mzima hakubatizwa siku ya kufika, bali baada ya mafundisho marefu, kwa hiyo tarehe ile yathibitisha tu kwamba alikwisha kukaa. Msimamizi naye asipuuzwe, kwani mgeni alielekea kumchagua mtu wa kwao aliyetangulia. Katika daftari za Wakatoliki tazama pembeni mwa ukurasa, maana Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliagiza ndoa iandikwe kando ya jina la mbatizwa. Na kijana aliyekwenda kukata mkonge Tanga, akioa huko, habari zake zilipasa kurejeshwa kwenye parokia aliyobatizwa.

Huyo kijana, manamba, yaani kibarua wa mkataba, ana ushahidi mwingine. Wenye mashamba ya mkonge waliunda shirika la kuandika vibarua, SILABU, mwaka 1944, na Songea ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizotoa watu wengi. Kipande chake cha siku thelathini za kazi, kikiwa kimehifadhiwa na jamaa ndani ya sanduku, chaweza kutaja alikotoka.

Ila kodi na kipande vilimwandika mwanamume, na Wanyanja, watu wa ufuo wa ziwa hili, kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Karani aliyeuliza jina la baba alipata jibu sahihi kwa swali lisilogusa ukoo. Ndiyo maana katika cheti cha ndoa mimi huwatazama mashahidi kwanza, nikawauliza wazee wa kijiji ni yupi kati yao aliyekuwa mjomba wa bibi harusi. Na akishajulikana mjomba, utafutaji wa kijiji cha ng'ambo huanzia kwake.