Asante ya Mabaharia: Shukrani katika The Shadow-Line ya Joseph Conrad

Wahakiki walioishughulikia The Shadow-Line, riwaya fupi ya Joseph Conrad iliyotolewa kitabu mwaka 1917, kwa kawaida huisoma kwa njia mojawapo kati ya mbili. Wako waionao kuwa ni hadithi ya kijana avukaye mpaka wa ujana na kuingia utu uzima, na wako waionao kuwa ni hadithi ya mzuka. Usomaji huu wa pili Conrad mwenyewe aliukataa katika dibaji aliyoiandika mwaka 1920. Ule wa kwanza ndio niliofundishwa mimi nilipokuwa masomoni ng'ambo, nami niliushika kwa miaka kadhaa, mpaka nilipojaribu kukieleza kitabu hiki kwa Kiswahili mbele ya wanafunzi wangu. Hapo niligundua kuwa neno lililonitaabisha halikuwa "mstari" wala "kivuli", bali "shukrani". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba shukrani kwa mabaharia wenzi ndiyo dhamira kuu ya kitabu, na kwamba Kiswahili kina njia ya kuieleza ambayo yafaa tuizingatie.

Kwa ufupi, kisa chenyewe ni hiki. Nahodha kijana, asiyetajwa jina, anakabidhiwa merikebu ya matanga mjini Bangkok baada ya nahodha wa zamani kufa safarini. (Conrad naye alikabidhiwa merikebu Otago katika bandari hiyohiyo mwaka 1888.) Wanapoingia katika Ghuba ya Siam upepo unakatika, na kisiwa cha Koh-ring kinabaki machoni mwao siku baada ya siku kana kwamba merikebu imefungwa kwacho. Homa inawaangusha mabaharia mmoja mmoja. Nahodha anategemea chupa za kwinini zilizomo katika sanduku la dawa, na siku anayozifungua anakuta zimejazwa unga mwingine usiofaa kitu. Yule marehemu, yaelekea, aliiuza dawa yenyewe. Wanaosalia bila homa ni wawili tu: nahodha mwenyewe na Ransome, mpishi, ambaye moyo wake ni mgonjwa kiasi kwamba kazi yoyote nzito yaweza kumwua papo hapo.

Nahodha anajilaumu kwa kutozikagua chupa zile mapema. Anawakusanya watu wake, anawaambia ukweli, kisha anangoja shutuma. Wanakaa kimya. Anaudhani ukimya ule kuwa ni lawama isiyo na kikomo, kisha anatambua kwamba amekosea, kwani hawakuwa wakimlaumu. Wahakiki wengi huipita sehemu hii haraka ili wafike kwenye usiku wa giza na kicheko cha Burns, msaidizi wa nahodha. Kwa maoni yangu, hapa ndipo kitovu cha kitabu. Msaada wa kwanza ambao mabaharia wanampa nahodha wao si wa mikono. Ni kule kutomhukumu, na baada ya hapo kwenda kuvuta kamba huku wakitetemeka kwa homa.

Msaada wa Ransome ni wa namna nyingine. Siku moja nahodha yumo chumbani mwake akiandika katika daftari kwamba yeye ni mtu duni na kwamba hana ujasiri wa kupanda juu. Ransome anaingia na kumweleza jinsi anga linavyozidi kuwa jeusi. Nahodha anamwuliza kama yampasa kuwako juu, na mpishi anajibu kwa adabu kuwa ndivyo aonavyo. Basi. Hamkemei wala hamwonei huruma. Mtu wa daraja la chini anamrudisha mkuu wake kwenye wajibu bila kumvunjia heshima, na sijui pengine ambapo Conrad ameandika mazungumzo mafupi yenye uzito kama huu.

Mtu wa namna hii anashukuriwaje? Wajibu wa baharia ni kufanya kazi, na kazi ina ujira wake. Kiswahili kinatupa maneno mengi ya kuelezea deni: fadhila, hisani, kulipa wema. Lakini neno tulitumialo kila siku, "asante", asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni "umetenda vema". Halikiri deni, linakipima kitendo na kukisifu. Hii ndiyo shukrani ya The Shadow-Line. Katika maneno machache aliyoyaweka kwenye ukurasa wa jina la kitabu kwa ajili ya mabaharia wale, Conrad hazungumzii deni wala malipo. Anazungumzia kustahili, na heshima isiyokufa. Ni sifa ya mtu wa ufundi kwa mafundi wenzake. Mfasiri atakayeyageuza maneno hayo kuwa tamko la fadhila atakuwa amempa nahodha cheo cha mdeni ambacho mwandishi hakumpa.

Tukilinganisha na riwaya yake ya mwaka 1897 inayohusu merikebu Narcissus tutaona tofauti. Mle mabaharia wanahatarisha maisha yao katika dhoruba ili kumtoa mwenzao mgonjwa aliyenaswa chumbani, naye anawapokea kwa karipio. Wema umetendwa bila kutambuliwa, na jambo hilo linawatia watu uchungu. Katika kitabu cha 1917 mambo yamegeuka: anayesaidiwa ndiye msimulizi, naye anajua vema alichopewa.

Hata hivyo, kitabu hiki kina kasoro ambayo haifai kufichwa. Shukrani za nahodha ni za watu wote, ilhali watu wenyewe twawaona kwa shida. Ransome anapata sura na tabia. Gambril, mzee ashikaye usukani hali homa imemmaliza, anapata jina na mistari michache. Waliobaki ni vivuli wakivuta tanga kuu gizani. Yaweza kusemwa kuwa giza ndilo lililowaficha, lakini giza hilo amelichagua msanii, na jicho linalotazama ni la daraja ya juu.

Pengine Conrad alilihisi jambo hili, maana hamalizi kwa karamu wala zawadi. Singapore wagonjwa wote wanapelekwa hospitali, na Ransome anaomba kuachishwa kazi. Nahodha angependa sana abaki. Mpishi anaogopa moyo wake, naye ana haki ya kuogopa. Wanapeana mikono. Kisha Ransome anapanda ngazi polepole, kwa tahadhari kubwa, asije akamwamsha adui aliyembeba kifuani, na nahodha anabaki chini bila neno lolote la kumzuia.