Kioo au Karatasi: Mhakiki wa Ngara Asome Wapi?

Kuna kauli inayozagaa vyuoni mwetu kwamba kioo cha simu kimeua uhakiki: eti mwanafunzi asiyeshika karatasi hawezi kuchambua kazi ya fasihi. Makala haya yanaipinga kauli hiyo, ila siyo yote.

Tuanze na hali halisi. Ngara na Biharamulo ziko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, waliko wachapishaji wetu wengi. Nakala moja ya riwaya ikifika huko inagombewa na darasa zima. Umeme nao umesogea: mtambo wa Rusumo, wa megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, ulianza kuzalisha mwaka 2023. Sasa umwambie kijana wa Rulenge aitupe simu, asubiri kitabu? Huo ni uhakiki wa walioshiba vitabu.

Utafiti nao unatuonya tusijumlishe mambo. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000. Kwa jumla karatasi ilishinda kioo, hasa pale msomaji alipobanwa na muda. Lakini pengo hilo lilikuwa kwenye matini za maelezo; kwenye masimulizi matupu halikuonekana.

Hapo ndipo penye kiini. Je, simuni tunasoma nini? Wengi wetu hatusomi riwaya, jamani; tunasoma "uchambuzi" wa riwaya, kurasa chache za dhamira, wahusika na ujumbe, tena usiku wa kuamkia mtihani. Yaani tumechukua matini ya maelezo, tukaiongezea haraka, tukaitia kwenye kioo. Halafu tunailaumu simu!

Chukua Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Uchambuzi wa aina hiyo utakwambia Yasmin ameozwa kwa lazima, basi. Hautakusukuma uulize kwa nini ndugu zake wanamkataa huku Mwajuma, mtu baki wa Ng'ambo, akimpokea. Swali hilo huzaliwa ndani ya masimulizi yenyewe, yawe kiooni au karatasini.

Kwa hiyo wenzangu, na walimu wetu pia, tugeuze matumizi. Riwaya ikipatikana kihalali simuni, isomwe humo bila aibu. Uchambuzi ndio uchapwe karatasini, upigwe mistari kwa penseli na kubishiwa pembeni. Asiyeubishia hajahakiki bado, hata akilala na maktaba nzima.