Steringi Anapokufa: Ugumu wa Kugeuza Mchezo wa Video kuwa Filamu

Miaka michache iliyopita, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho alileta pendekezo la tasnifu mbele ya jopo letu. Alitaka kuchunguza jinsi michezo ya video inavyogeuzwa kuwa filamu. Jopo lilimsikiliza kwa dakika kumi, kisha likamrudisha akatafute mada nyingine. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili. Kwanza, kwamba michezo hiyo haina hadithi ya kuhakikiwa. Pili, kwamba filamu zinazotokana nayo nyingi zimeshindwa, hivyo hapana cha kuchunguza. Nasi tulikuwamo katika jopo hilo na tulitia saini. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sababu ya kwanza haikuwa kweli, na kwamba ya pili, hata pale ilipokuwa kweli, ilikuwa hoja ya kumkubalia mwanafunzi yule wala si ya kumkatalia.

Nani amekufa?

Tuanze na sarufi, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Msomaji akipita alasiri katika mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura, atakuta vijana wamejazana chumbani mbele ya runinga, wakicheza kwa zamu. Anayecheza akitumbukia shimoni au akipigwa risasi, hasemi "Amekufa." Husema "Nimekufa!" Naye anayengojea nyuma yake humwambia, "Umekufa, nipishe." Vijana hao hao wakienda kutazama filamu, kiambishi cha nafsi hubadilika: "Usiogope, hafi huyo, ndiye steringi." Wapenzi wa filamu katika miji mingi ya Afrika Mashariki wanaijua kanuni hiyo: steringi hafi.

Katika mchezo wa video, steringi hufa, tena hufa mara nyingi, na kila anapokufa aliyekosea ni mchezaji. Mchezaji hujifunza kwa kufa. Hurudishwa mwanzo wa hatua ile ile akiwa na ujuzi ambao mhusika mwenyewe hana: anajua sasa kwamba nyuma ya mlango kuna adui. Katika filamu, mtazamaji hana la kukosea. Apende asipende, steringi ataliruka shimo. Kwa hiyo mtu anayegeuza mchezo kuwa filamu hahamishi hadithi tu kutoka chombo kimoja hadi kingine. Anabadilisha nafsi, kutoka ya kwanza hadi ya tatu. Kila mwalimu wa insha anajua kwamba nafsi ikibadilika katika sentensi ya kwanza, sentensi zote zinazofuata zinadai upatanisho mpya. Hoja yetu ni kwamba filamu nyingi za aina hii zimeshindwa kwa sababu watengenezaji walibadilisha nafsi bila kuufanya upatanisho huo.

Kigezo cha uaminifu

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni mengine: kwamba watengenezaji hawakuwa waaminifu kwa mchezo. Mfano unaotajwa kwanza ni Super Mario Bros. ya mwaka 1993, filamu ndefu ya kwanza yenye waigizaji hai kutokana na mchezo wa video. Mchezo wenyewe, uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1985, ni wa rangi za kung'aa, uyoga na kasa. Fundi bomba anakimbia na kuruka hadi amwokoe binti mfalme. Waongozaji Rocky Morton na Annabel Jankel waliufanya kuwa kisa cha jiji lenye giza ambalo wakazi wake wametokana na dinosaria. Filamu iligharimu zaidi ya dola milioni 40, na kumbi za Marekani zilirudisha takriban nusu tu ya kiasi hicho. Bob Hoskins, aliyeigiza kama Mario, baadaye aliihesabu kuwa kazi mbaya kuliko zote alizowahi kufanya.

Hatuitetei filamu hiyo. Hata hivyo, kama tatizo lingekuwa uaminifu peke yake, basi mwenye mchezo akipewa kamera mambo yangenyooka. Mwaka 2001, Hironobu Sakaguchi, mwasisi wa michezo ya Final Fantasy, aliongoza yeye mwenyewe filamu ya Final Fantasy: The Spirits Within. Iligharimu takriban dola milioni 137, ikakusanya takriban milioni 85 duniani kote, na studio iliyoitengeneza ikafungwa.

Aidha, tuitazame Warcraft ya mwaka 2016. Mwongozaji wake, Duncan Jones, alikuwa mchezaji wa mchezo huo. Falme, silaha, wanyama na majina ya mahali vilihamishwa kwa uangalifu mkubwa. Aliyewahi kuucheza alitambua kila kona. Asiyewahi kuucheza alipotea mapema. Filamu ilikusanya takriban dola milioni 439, karibu nusu yake nchini China, lakini Marekani kwenyewe haikufikisha milioni 50. Huo tunaweza kuuita uaminifu wa kamusi. Sote tumewahi kusahihisha tafsiri za namna hiyo: kila neno lina kisawe chake, lakini msomaji hajui anaambiwa nini.

Kuazima macho ya mchezaji

Wako walioliona tatizo la nafsi na kujaribu kulitatua kwa njia ya mkato. Katika Doom ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Andrzej Bartkowiak, kuna kipande cha dakika tano hivi ambapo kamera inashika nafasi ya macho ya mhusika anayeigizwa na Karl Urban. Tunaona bunduki mbele yetu kama ilivyo katika mchezo, na viumbe wa kutisha wanaturukia. Fikra ni kwamba mtazamaji akipewa macho ya mchezaji, atapata pia nafsi yake. Haikuwa hivyo. Ukikitazama kipande hicho unajiona kama yule kijana wa Buyenzi aliyesimama nyuma ya mwenzake akingojea zamu, ila zamu yenyewe haifiki. Kinachomfanya mchezaji aseme "nimekufa" si mahali ilipo kamera, bali ni kujua kwamba angeweza kutokufa.

Mfano wa pili unatugusa zaidi sisi walimu wa fasihi, kwa kuwa unahusu usimulizi. Katika mchezo wa Prince of Persia: The Sands of Time wa mwaka 2003, mwana wa mfalme ndiye msimulizi. Mchezaji akimwangusha kutoka ukutani akafa, sauti ya msimulizi husikika ikikana: la, mambo hayakwenda hivyo. Kisha mchezo hurudi nyuma kidogo na mchezaji hujaribu tena. Kifo cha mchezaji kimefanywa kuwa kosa la msimulizi aliyeteleza ulimi. Mwishoni tunatambua kwamba muda wote alikuwa akimsimulia Farah, binti mfalme wa India, kisa ambacho kwa binti huyo hakijatokea. Anayedai kwamba michezo haina hadithi ya kuhakikiwa, kama tulivyodai sisi, aujaribu mchezo huo kwanza.

Filamu ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Mike Newell, ilichukua jambia linalorudisha wakati nyuma na kulifanya kitu cha kugombewa na maadui. Msimulizi anayejisahihisha hayumo. Kilichohamishwa ni chombo, na kilichoachwa ni kazi ambayo chombo hicho kiliifanya baina ya msimulizi na mchezaji.

Waliofanya upatanisho

Je, inawezekana kufaulu? Tunaamini inawezekana, na ushahidi wetu ni The Last of Us, mchezo wa mwaka 2013 uliogeuzwa kuwa tamthilia ya televisheni na kampuni ya HBO mwaka 2023. Joel, mfanya magendo aliyefiwa na bintiye, anamsindikiza Ellie, msichana wa miaka 14, kuvuka Marekani iliyoangamizwa na maradhi ya kuvu. Ellie ana kinga ya maradhi hayo. Hatimaye madaktari wanataka kumpasua ili wapate dawa, na upasuaji huo utamuua. Joel anawaua walinzi na daktari, anamchukua msichana, kisha anamdanganya kuhusu yaliyotokea.

Katika mchezo, anayebonyeza kitufe cha kumuua daktari ni mchezaji. Hakuna njia nyingine. Asipobonyeza, hadithi haisongi. Wapo wachezaji wanaosita hapo, wakitafuta mlango ambao haupo. Mzigo wa dhambi ya Joel umewekwa mikononi mwao. Tamthilia haina kitufe. Craig Mazin na Neil Druckmann (huyu wa pili ndiye aliyeuandika mchezo) hawakujaribu kuiga vita vya hospitalini risasi kwa risasi. Walivipitisha upesi, milio ikiwa imefifishwa na muziki wa huzuni umetanda juu yake. Mtazamaji hana la kufanya ila kumwangalia mtu aliyempenda akiua, na kujiuliza kwa nini bado anamtakia ashinde. Mzigo wa mchezaji ulikuwa wa kutenda, na wa mtazamaji ni wa kushuhudia. Uzito wake haukupungua.

Tazama pia kipindi cha tatu. Katika mchezo, sehemu ya Bill ni ya mitego, mapigano na kutafuta betri ya gari. Mwenzi wake, Frank, anaonekana tu akiwa maiti, ameacha barua ya chuki. Tamthilia iliyatupa karibu yote hayo, ikatumia sehemu kubwa ya kipindi kusimulia jinsi Bill na Frank walivyopendana na kuzeeka pamoja. Kwa kigezo cha uaminifu wa kamusi, hilo ni kosa kubwa. Lakini mchezo wote unauliza mtu yuko tayari kufanya nini kwa ajili ya mmoja anayempenda, na kipindi hicho kinalijibu swali lile lile kwa njia ambayo mchezo haukuwa na nafasi nayo.

Pingamizi

Msomaji anaweza kutupinga hivi: The Super Mario Bros. Movie ya mwaka 2023 ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.3, ikiwa na uyoga, kasa na mabomba yote mahali pake. A Minecraft Movie ya mwaka 2025 nayo ilijaza kumbi. Je, hizo zimefanya upatanisho gani?

Pingamizi hili lina nguvu, na hatutalikwepa. Filamu hizo zimefaulu kwa furaha ya kutambua: mtoto anaona alichokigusa nyumbani na anapiga kelele ukumbini pamoja na wenzake. Furaha hiyo ni ya kweli, na filamu ya mwaka 1993 ilimnyima mtoto hata hiyo. Hata hivyo, inamtegemea mtazamaji aliyekwisha kucheza. Asiyecheza anabaki na picha nzuri na kisa chepesi. Kwa hiyo tutenganishe maswali mawili ambayo jopo letu liliyachanganya: filamu imeuzwa? na filamu inasimama yenyewe? Mhakiki anaulizwa la pili.

Hitimisho

Tatizo hili si geni kwetu. Mwalimu Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi, aliiita Mabepari wa Venisi (1969). Mwenye kamusi atasema mwandishi alitaja mfanyabiashara mmoja, wala si mabepari wengi. Lakini kwa hadhira ya Tanzania, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, neno hilo lilibeba uzito ambao "mfanyabiashara" lisingeubeba. Mtafsiri aliuliza neno litafanya kazi gani kwa hadhira yake, kabla ya kuuliza kisawe chake ni kipi.

Tunapendekeza kwa walimu wenzetu zoezi moja. Chukueni ukurasa mmoja wa Kichwamaji ya Kezilahabi, riwaya inayosimuliwa na Kazimoto kwa nafsi ya kwanza, na wanafunzi waugeuze kuwa onyesho la jukwaani bila msimulizi. Wengi watakimbilia kumpa Kazimoto hotuba ndefu. Waulizwe maswali matatu: katika riwaya, msomaji alibebeshwa nini? Jukwaani, nani atakibeba? Na ni kipi mmekiacha kwa kujua? Swali la tatu ndilo la kutolea alama, kwa sababu kila anayegeuza kazi ya sanaa lazima aache kitu, na aliyeacha kwa kujua anaweza kujieleza.

Mwanafunzi wetu alibadilisha mada, akaandika kuhusu methali, akahitimu. Hatuna malalamiko juu ya tasnifu yake. Lakini pendekezo lake la kwanza bado limo kwenye faili la jopo, likiwa na saini zetu chini ya neno "Halikubaliwi." Tunaomba lisomwe upya kabla mwanafunzi mwingine hajagonga mlango na mada kama hiyo. Wasomaji wenye maoni tofauti wanakaribishwa kutujibu katika toleo lijalo.